Ukiagiza mitetea watupu, majogoo wanaenda wapi?

Kokoto
Wakuu, habari za leo. Nimepokea boksi langu la vifaranga wa siku moja, kuku wa mayai, mitetea watupu kama nilivyoagiza. Wachangamfu, kelele usiseme. Nilipokuwa nawachovya midomo kwenye maji mmoja mmoja ndipo swali likanijia: yai halichagui, nusu ya wanaoanguliwa lazima wawe majogoo. Sasa hao wako wapi? Nimemuuliza aliyeniletea, akacheka, akaniambia "wewe fuga tu". Halafu kuna video inazunguka, vifaranga wanamwagwa kwenye mashine ya kusaga wakiwa hai. Ni kweli au ni mambo ya mitandaoni? Aliyefanya kazi ndani ya kituo cha kutotolesha anieleze bila kunificha.

MzeeWaMabanda
Ni kweli mkuu. Jogoo wa mbegu ya mayai hatagi, na nyama hana. Utamlisha miezi na miezi uishie kuuza mifupa. Biashara hiyo, usijipe presha.

ShangaziVifaranga
Mdogo wangu Kokoto, mimi nimefanya kazi humo, upande wa kupokea na kuchambua, kabla sijajenga banda langu. Video unayoisema ni ya kweli. Ila mimi nikiulizwa, sianzii kwenye kisagio.

Mayai yanakaa mashine ya kwanza siku 18, joto nyuzi 37 na nusu hivi, yanageuzwa kila saa. Kisha yanahamia mashine ya pili, humo hayageuzwi tena, yanasubiri siku ya 21. Sasa vifaranga hawatoki kwa kengele. Wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima, hata na zaidi, lakini mlango unafunguliwa mara moja tu, wengi wakishakauka manyoya. Aliyewahi kutoka amekaa gizani muda wote huo bila tone la maji. Aliyechelewa, yule ndo kwanza katoboa ganda, unamwona ncha ya mdomo inafunguka na kufumba kwenye kitundu, huyo hasubiriwi. Anakwenda na maganda. Hilo ndilo lililokuwa linanikaa moyoni, na sijaona mtu akilipiga video.

Wazima wanamwagwa kwenye mkanda unaotembea, wa kuchambulia. Mbegu nyingi za kahawia hazisumbui, mitetea wanatoka kahawia na majogoo manjano, unatenga kwa macho. Nyingine unafungua bawa: kwa tetea zile safu mbili za manyoya zinapishana, moja ndefu moja fupi, kwa jogoo zinalingana. Mbegu isiyo na alama yoyote inabidi kumbinya na kumwangalia sehemu ya haja, ufundi ambao Wajapani waliuanzisha miaka ya 1920, na wanaoujua wanalipwa vizuri. Aliyezoea bawa hamtazami kifaranga hata sekunde mbili. Mwanzo wa zamu unamweka. Mwisho wa zamu unamrusha. Simsingizii mtu, kasi ya mkanda ndiyo inayoamua.

Majogoo, pamoja na vilema na wasiofunga kitovu, wanaenda kwenye kisagio au kwenye hewa ya ukaa. Utashangaa: kisagio chenye visu vizuri, kisichojazwa kupita kiasi, kinaua papo hapo. Hewa ya ukaa inachukua muda, kifaranga anahema kinywa wazi, kwa sababu ndani ya yai alishazoea hewa hiyo kwa wingi. Watu wanaipenda kwa kuwa haionyeshi damu. Wale wa hewa huwa wanagandishwa na kuuzwa chakula cha nyoka na ndege wa mawindo.

Mitetea wako walichomwa shingoni chanjo ya mareksi, ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, na kama ncha za midomo zina doa au weupe, zilipitishwa kwenye miale ya joto ili wasije kudonoana. Zitadondoka zenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Kisha boksi.

MzeeWaMabanda
Shangazi unatutia huruma ya bure. Kifaranga anatoka na kiini tumboni, hahitaji kula siku tatu. Mungu kampangia.

ShangaziVifaranga
Kiini nakijua, Mzee wangu. Lakini siku tatu zinahesabiwa tangu atoboe, hazianzi boksi linapofika kwako. Na kiini hakizuii kiu kwenye gari lenye joto. Ulaya kanuni yao inaruhusu vifaranga kusafirishwa bila chakula wala maji iwapo safari haivuki saa 24 na inamalizika ndani ya saa 72 tangu kuanguliwa. Hicho ni kikomo. Mtu asikichukue kama kibali cha kuchelewa.

MgangaWaNdege
Shangazi kamaliza kazi, naongeza kidogo. Makadirio yanayotajwa sana ni majogoo bilioni 7 kwa mwaka duniani. Chanzo ni kwamba kuku wameshagawanywa mbegu mbili, ya mayai na ya nyama. Broila hawabaguliwi hivyo, jike na dume wote wanafugwa. Ujerumani ilipiga marufuku kuua majogoo hawa kuanzia 1 Januari 2022, Ufaransa ikafuata. Sasa wanapima jinsia yai likiwa bado kwenye mashine: wengine wanachota tone la majimaji siku ya 9 hivi na kupima homoni, wengine wanamulika yai siku ya 13 na kusoma rangi ya manyoya, jambo linalofaa kwa mbegu za kahawia tu. Wengine wanakubali kuwafuga majogoo na gharama yake wanaiweka kwenye bei ya mayai ya dada zao.

Kokoto
Asanteni sana. Shangazi, mimi mfugaji mdogo nifanye nini? Na kuna mmoja ana kitu cheusi kitovuni, amejikunyata.

ShangaziVifaranga
Huyo mtenge leo hii. Kitovu hakikufunga, mara nyingi ni joto la mashine lilipanda, na alitakiwa kunaswa mezani. Akianza kunuka na tumbo kuvimba, vijidudu vimeshaingia kwenye kiini, dawa haimrudishi. Usimwache ajifie taratibu, mwite mtaalamu wa mifugo amalize haraka.

Kuhusu kuagiza: uliza saa waliyotolewa mashineni, siyo siku ya kupokea. Uliza majogoo wanauawaje na kisagio kinanolewa lini. Asiyetaka kujibu umeshamjua. Ukiwa na uwezo chukua mbegu inayofaa mayai na nyama, utagaiwa wote jike na dume, mayai yatapungua kidogo. Na wapo wanaopeleka mayai ya siku 18 moja kwa moja bandani, kifaranga anatoboa ganda na maji yapo pembeni. Kwa broila inafanya kazi vizuri. Kwa mitetea haimalizi swali lako, kwa sababu majogoo utakuwa nao wewe.

MzeeWaMabanda
Hilo la saa ya kutoka mashineni nitaliuliza hata mimi.