Xiaomi ya mtumba ya laki tano na nusu, itanivusha Sinza hadi Posta kila siku?

Binti_Sinza

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kwa mnaozijua hizi skuta za umeme za kusimama, zile zinazokunjwa, sio pikipiki. Nakaa Sinza na kazi yangu ipo Posta, asubuhi nachukua boda mpaka Shekilango halafu mwendokasi, na pale Shekilango basi linapita limejaa, la pili limejaa, la tatu hata halisimami, jioni ndo usiseme kabisa. Kwa siku naacha kama elfu tatu na nusu na bado nachelewa.

Sasa kuna jamaa Kariakoo ana Xiaomi ya mtumba, anasema imetoka Dubai, anataka laki tano na nusu, na anasema ikijaa chaji inatembea kilomita 30. Kwa hesabu yangu kwenda ni kama kilomita tisa na kurudi tisa, yaani 18, nikaona inatosha na inabaki. Haina skrini, pale kwenye usukani kuna vitaa vinne tu na kitufe kimoja. Mimi nina kilo 68 pamoja na begi la kompyuta mgongoni. Nimeishika, rangi haijachubuka, ila betri sijui inapimwaje na sina fundi wa hivi vitu ninayemwamini. Hela ya mpya sina, bajeti ndo hiyohiyo. Naombeni mniambie ukweli kabla sijatoa pesa.

FundiSeli

Dada kama haina skrini na ina taa nne basi hiyo ni M365, ile ya kwanza kabisa iliyotoka 2016. Zilizofuata, 1S, Essential, Pro 2, zote zina skrini. Kwahiyo kabla hata hujauliza chochote ujue hiyo betri ina miaka kadhaa, na betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa imekaa tu stoo.

Kilomita 30 achana nazo. Hiyo namba kiwandani wameipima kwa mtu wa kilo 75, sehemu tambarare, hamna upepo, mwendo wa taratibu wa kufanana, hakuna kusimama kwenye taa wala kukwepa bajaji. Namba ya kuuliza ni Wh, yaani umeme unaoingia kwenye betri. M365 ikiwa mpya inabeba Wh 280. Kwa barabara ya kawaida na uzito wako weka matumizi ya Wh 12 kwa kilomita, kwahiyo mpya kabisa ni kama kilomita 23. Sasa betri ya miaka yote hiyo ikiwa imebaki na asilimia 70, ambayo kwangu mimi bado ni betri nzuri kwa umri wake, unapata kilomita 16. Wewe unataka 18. Umeona sasa tatizo lilipo.

Hii haimaanishi usinunue, ila inamaanisha lazima uchaji ofisini. Chaja yake ni ya volti 42 na ampea 1.7, kuijaza ni kama saa tano, ukichomeka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana imejaa. Kwahiyo swali la kwanza kabisa ni hilo, ofisini kuna soketi na bosi ataruhusu?

Kupima sasa. Mwambie muuzaji aichaji mpaka ijae, ndo uende. Skuta inaunganishwa na simu kwa Bluetooth, na kuna programu za bure ambazo zinaonyesha ndani ya betri. Mle ndani kuna seli 30, yaani vibetri vidogo, zimepangwa makundi kumi, kila kundi seli tatu, na programu inakuonyesha volti ya kila kundi. Ikiwa imejaa jumla isome 41 na kitu mpaka 42, na kila kundi liwe karibu 4.1 au 4.2. Ukikuta tisa zinasoma 4.15 halafu moja inasoma 3.9, rudisha simu mfukoni uondoke. Betri nzima inazimwa na lile kundi dhaifu, yaani hata kama makundi mengine bado yana moto wa kutosha skuta itakukatikia katikati ya barabara, na kubadili seli zote ni gharama itakayokula sehemu kubwa ya hiyo laki tano. Humohumo kwenye programu utaona na kilomita ilizotembea tangu itoke kiwandani.

Baada ya hapo iendeshe, spidi ya mwisho, kama kilomita mbili tatu. Ikishapoteza taa ya kwanza ndani ya huo umbali, hiyo betri imechoka hata kama muuzaji anaapa.

mzee_baiskeli

Mwanangu FundiSeli kaongea vizuri kuhusu betri, mie nitaongea habari ya tairi na barabara maana huko ndo kwenye mwili wako.

Tairi la hiyo kitu ni inchi 8.5. Shimo ambalo baiskeli inapita na kutikisika kidogo, hiyo inaingia tairi zima na wewe unaruka mbele. Unapotoka Sinza mitaa ya ndani kuna mchanga pembeni ya lami, na tairi dogo likigusa mchanga linateleza papo hapo, kwahiyo mpaka ufike barabara kubwa uwe unatembea nayo polepole, na matuta makubwa shuka uisukume kwa sababu tumbo lake liko chini linakwaruza na mle tumboni ndo ilimo betri. Morogoro Road kuna ile njia ya pembeni ya waenda kwa miguu na baiskeli, asubuhi mapema inapitika vizuri, ila kuanzia saa mbili ni wafanyabiashara na boda zinazokuja kwa nyuma, usitegemee utaenda 25 moja kwa moja. Na pale Jangwani unashuka halafu unapanda, kurudi jioni ukiwa unaelekea Magomeni mota ya wati 250 itapanda lakini spidi itashuka na chaji italiwa zaidi, sasa kama hukuchaji ofisini hiyo ndo safari ya jioni betri ikiwa nusu.

Upepo wa tairi, hili watu wanalidharau. Zile tyubu zinataka psi 45 mpaka 50, na zikiwa chini ya hapo tyubu inabanwa kati ya rimu na shimo inapasuka, pancha mbili kwa mpigo. Mafundi baiskeli wengi wanaweza kuziba lakini kulitoa lile tairi kwenye rimu ni kazi ngumu sana, tairi gumu rimu dogo, mwambie fundi alilowekee kwenye maji ya moto kidogo lilainike kabla hajalivuta na bisibisi, vinginevyo atakutobolea tyubu mpya. Muulize muuzaji kama ana kile kipande cha kurefusha valvu, bila hicho pampu ya kawaida haiingii. Watu wengine wanaweka tairi la mpira mtupu lisilo na upepo, halipati pancha kweli, ila mgongo utakuuma na kwenye lami yenye maji linateleza, mie sikushauri.

Mteule_Magomeni

Dada naongezea moja ya usalama. Hapo chini ya ule mkono wa usukani kuna sehemu ya kukunjia. Mwaka 2019 Xiaomi wenyewe walitangaza kuzirudisha baadhi ya M365 kwa sababu skrubu ya hapo ilikuwa inaweza kulegea na ule mkono ukakatika mtu akiwa anaendesha. Ukiifungua isimame, shika breki halafu sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia inacheza pale chini, ko ko ko, iwe imekazwa mbele ya macho yako na ujaribu tena, ikiendelea kucheza iache. Angalia na breki ya nyuma, ile sahani ya chuma, kama imepinda utasikia inakwaruza kila mzunguko. Breki yenyewe ni mkono mmoja tu, upande wa kushoto, ukiubana mbele mota ndo inazuia na nyuma sahani, kwahiyo huo waya wa breki ukiwa umechoka huna pa kukimbilia.

Halafu helmeti. Sio suala la trafiki, ni suala la hilo tairi la inchi nane na nusu alilosema mzee.

Mswahili_Deira

Nipo Dubai huku, hizi skuta tunazitumia sana kwenda kazini hasa wa hotelini na madukani, kutoka chumbani mpaka metro. Huku njia zake zipo maalumu, lami laini kama kioo, mwisho kilomita 20 kwa saa, na usipokuwa na leseni unachukua kibali cha RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya huku, mtandaoni bure. Kwahiyo skuta ya huku inaweza ikawa na bodi safi kabisa kama hiyo uliyoiona wewe, haijagonga shimo hata moja.

Lakini joto. Mwezi wa saba na wa nane huku ni zaidi ya nyuzi 40 na wengi tunakaa chumba kimoja watu wengi, skuta zinalala kibarazani, zinachajiwa hukohuko kibarazani. Hakuna kinachoua betri kama kukaa imejaa chaji kwenye joto. Kwahiyo usidanganyike na kilomita chache wala rangi kung'aa, zile namba kumi alizosema FundiSeli ndo zitakwambia.

Binti_Sinza

Asanteni sana, jamani nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea, na shikamoo mzee. Soketi ofisini ipo chini ya meza yangu, nimeshamuuliza bosi amesema haina shida alimradi isikae kwenye korido. Maswali mawili yamebaki. Masika inakuwaje? Na kama betri ikikutwa ni ya wastani, sio mbovu ila sio nzuri, bado inalipa?

FundiSeli

Mvua kwanza. Hiyo ina kinga ya IP54, maana yake inavumilia marasharasha, haivumilii dimbwi. Maji yakifika kwenye kile kibao unachokanyaga yanaingia kwa pembeni na kwenye tundu la chaji, angalia kile kifuniko cha mpira cha tundu kama kipo na kinabana. Siku za masika Jangwani inajaa maji mpaka mwendokasi inasitishwa, siku hizo skuta ilale nyumbani. Ikilowa usiichaji siku hiyo, ifute, iache sehemu yenye hewa mpaka kesho. Na chaja iwe ya volti 42 yake mwenyewe, usikubali kuuziwa ya 48 eti inachaji haraka, hiyo inaunguza nyumba.

Kulipa inalipa. Kuijaza chaji kutoka sifuri, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, haifiki uniti 0.35, kwa uniti ya shilingi 356 ni kama shilingi 120. Ukichaji nyumbani na ofisini haifiki 250 kwa siku, wewe unaacha 3,500. Kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya elfu sabini kwa mwezi, kwahiyo ndani ya miezi minane hela yako imerudi, hata ukitoa siku za mvua ni mwaka hivi. Ila hiyo ni kama betri itakaa huo mwaka. Ndo maana betri ikiwa ya wastani mimi nisingetoa laki tano na nusu, ningeanzia laki tatu na nusu na nisingevuka laki nne, na hiyo tofauti naiweka pembeni kwa ajili ya seli.

mzee_baiskeli

Marahaba binti. Na kama siku unaona mwili umechoka, sio lazima uiendeshe mpaka Posta. Kilo 12 na nusu, ikunje upande nayo mwendokasi ya saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajajaa. Saa moja na nusu usijaribu, hutapata pa kuiweka na utagombana na watu.

Binti_Sinza

Basi Jumamosi asubuhi naenda na mdogo wangu, yeye ndo anajua mambo ya simu. Nimeshamwambia muuzaji aichaji usiku wa Ijumaa, amekubali ila amenuna kidogo nilipomwambia nataka kuiendesha kilomita tatu.

FundiSeli

Akikataa kuendeshwa usimbembeleze, zipo nyingi. Mkishaunganisha piga picha ya ule ukurasa wenye makundi kumi, moja ikiwa imesimama tu na nyingine mdogo wako akiwa anaibana spidi ya mwisho, ziweke hapa kabla hujatoa hata shilingi. Nitakuwa mtandaoni Jumamosi mpaka mchana.