Gari la viti 8, watu 8, na baba watoto amerudi Nairobi kwa matatu

Wadau, niacheni niseme leo, maana nikinyamaza nitaenda kwenye yadi ya magari Ngong Road na jiwe mkononi.

Nina watoto 4. Kifungua mimba ana miaka 7, mapacha wana miaka 3, na kitinda mimba ana miezi 8. (Kitinda mimba kwa uamuzi wangu mimi. Mama mkwe bado ana maoni yake.) Ukiongeza sisi wazazi, dada wa kazi, na mama mkwe mwenyewe anayekaa Kahawa lakini hakuna safari ya ushago anayoikosa, tunakuwa watu 8. Kwa hivyo nilipochukua mkopo wa sacco nilijua ninachotafuta: vani ya mlango wa kuteleza, viti 8, kila mtu na chake. Hesabu ya darasa la kwanza.

Yadi siitaji jina, sina pesa za wakili juu ya deni la sacco. Muuzaji nilimwambia waziwazi, mara tatu, baba watoto akiwa shahidi: nina viti vinne vya watoto vya kufunga humu ndani. Akapigapiga kiti cha katikati kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema, "Vinne tu, madam? Hapa hata sita."

Huyo mtu hajawahi kufunga kiti cha mtoto hata kimoja maishani mwake.

Kando yake palikuwa na gari lile lile, mwaka ule ule wa 2018, ila la viti 7. Safu ya katikati ilikuwa na viti viwili vilivyoachana, njia inapita kati. Bei karibu sawa. Nililikataa kwa mdomo wangu mwenyewe kwa sababu nane ni zaidi ya saba. Hili nitalirudia, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Tukalipa. Wakasema tuache gari siku mbili, kuna zawadi: siti kava za ngozi, rangi ya maziwa na kahawia, bure. Nairobi hii ukisikia neno bure, shika mkoba. Siku ya kulichukua gari liling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Siti kava zimevutwa zikabana, hata kidole hakipiti. Nikapiga picha, nikaweka status. Mjinga mimi.

Kisha duka la vitu vya watoto kwenye moli moja, nalo nalisitiri. Kifungua mimba alikuwa na chake tayari, kile cha kumwinua chenye mgongo, kwa hivyo nilihitaji vitatu. Nikamwuliza kijana wa dukani kama vitaingia kwenye vani yangu. Hakuuliza hata ni vani gani. "Hivi vinaingia gari lolote, mathe." Shilingi 58,000 zikaondoka kwa M-Pesa, na bado nikamwambia asante.

Jumatano usiku, watoto wakiwa wamelala, nikashuka maegeshoni na kile cha mtoto mchanga. Kina mikono miwili ya chuma nyuma ambayo inatakiwa kung'ata vyuma viwili vilivyojificha pale mgongo wa kiti cha gari unapokutana na mto wa kukalia. Hiyo ndiyo ISOFIX. Vyuma vyenyewe vina unene wa milimita 6, umbali kati yao ni sentimita 28, na vipimo ni vilevile kwa watengenezaji wote, ndiyo maana kiti kilichoundwa Ujerumani kinakaa kwenye gari la Japani bila ugomvi. Unasukuma, kinalia "tak" mara mbili, umemaliza. Mimi sikusikia hata tak moja. Nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia. Soja wa geti akaja na tochi, naye akapapasa. Hakuna kitu.

Nikaketi kwenye ngazi ya mlango nikijiuliza. Gari limetoka Japani, nchi ambayo tangu mwaka 2000 sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 6 akae kwenye kiti chake. Watu hao watengeneze gari la familia wasahau vyuma?

Soja ndiye aliyegundua. Alikandamiza siti kava kwa kidole gumba akasema, "Madam, humu ndani kuna kitu kigumu." Tukakata uzi kwa wembe. Vyuma vilikuwepo, viwili kushoto, viwili kulia, vimeshonewa ndani kama pesa za nyanya kwenye godoro. Na chini ya ile ngozi, kwenye kitambaa chenyewe cha kiwandani, kulikuwa na mabonyeo mawili ya kiti cha mtoto pamoja na chengachenga za biskuti. Mama fulani huko Japani alifunga kiti pale pale, mwaka baada ya mwaka, bila kumgombeza mtu. Gari halikuwa na kasoro. Lilishonwa macho hapa hapa Nairobi. (Na viti vya mbele vyenye mifuko ya hewa ubavuni, ile inayotakiwa kufumuka gari likigongwa, navyo wamevivisha ngozi hiyo hiyo. Sijui niseme nini, acha nisiseme.)

Haya, vyuma vimepatikana, sasa vipimo. Nilichukua futi ya cherehani nikapima safu ya katikati: sentimita 126. Kiti cha mtoto mchanga 44, cha pacha 46, cha pacha mwenzake 46. Jumla 136. Vitatu haviingii hata ukisukuma kwa goti, na goti nimetumia. Halafu vyuma viko pembeni mbili tu, katikati hakuna. Ukishafunga viwili, katikati zinabaki sentimita 36, na kifungo cha mshipi wa hapo kimezama chini ya kiti cha pacha. Mtu wa kukaa hapo labda awe mwembamba kama ufagio, na ufagio nao hautaweza kujifunga mshipi.

Pacha wa pili nikampeleka safu ya tatu, kwa mshipi wa kawaida. Ndipo nikakutana na jambo ambalo sikuambiwa na kiumbe yeyote. Njia ya kwenda safu ya tatu ni kulaza kiti cha safu ya pili na kukisukuma mbele. Kiti cha gari chenye kiti cha mtoto juu yake HAKILALI. Ukishafunga viwili pembeni, safu ya tatu inakuwa chumba kisicho na mlango. Lile gari la viti 7 lina njia katikati! Mtoto anapita akitembea, nyanya anapita ameshika kiti huku na huku, anaketi. Na mimi nililitazama kwa macho haya nikasema la, nataka nane.

Haya yote tumemaliza kuyajua Ijumaa jioni, na Jumamosi alfajiri tuna harusi ya shemeji Molo. Mama mkwe hawezi kuambiwa safari imevunjika kwa sababu ya sentimita.

Tukajipanga. Safu ya tatu waliingia kwanza: pacha mmoja, mama mkwe, kifungua mimba. Kisha tukafunga viti vya katikati mbele yao kama mafundi wanaoziba ukuta. Dada akajipenyeza katikati, bega moja mbele bega moja nyuma, na mshipi wake haukufungika. Hilo ni kosa langu, msinipige mawe, nimeshajipiga mwenyewe kutoka Limuru hadi Molo.

Tulipofika Naivasha mama mkwe akaomba tusimame kidogo. Mnaona tunakoelekea. Kitinda mimba ndiyo kwanza amelala, upande wa kushoto. Pacha ndiyo kwanza amenyamaza, upande wa kulia. Baba watoto akazunguka nyuma, akafungua buti, akatoa mikoba, akatoa kigari cha mtoto, akatoa sufuria tulizoazima za harusi akazipanga chini, akalaza mgongo wa kiti, na mama yake mzazi, miaka 71, kilemba kichwani, akatoka kupitia buti mbele ya kituo kizima cha mafuta. Kijana wa pampu aligeuza uso kwa heshima. Mama mkwe akarudi njia ile ile. Hakusema neno. Mpaka Molo hakusema neno. Walio na mama wakwe wanajua kimya kile kinalipwa kwa miaka mingapi.

Wakati wa kurudi nikasema hakuna mtu anakaa bila mshipi tena. Mama mkwe mbele kama malkia. Dada safu ya tatu kati ya pacha na kifungua mimba. Mimi kwenye usukani. Hesabu: watu 7, gari limejaa. Baba watoto akabaki amesimama kando ya gari la viti 8 analosaidia kulipia, begi mkononi. Tukamwacha stendi ya Molo akiingia matatu. Alifika Nairobi kabla yetu na akatupikia chai.

Sasa kabla hamjaanza. Najua, sote tulipanda nyuma ya pikapu tukala vumbi na tuko hapa. Mimi pia. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na ile barabara ya Nakuru hamhitaji mimi niwasimulie. Gari likigonga kitu kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, hakuna mkono wa mama unaoweza kumzuia mtoto wa kilo 9, hata mama aliyebeba mitungi ya maji tangu utotoni. Na wewe utakayesema nimweke mtoto mchanga mbele: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, unafumuka na kukipiga pale pale penye kichwa chake. Kumgeuza atazame mbele pia sahau. Kiti changu kina alama ya R129, yaani kanuni ya usalama ya viti vya watoto, na kanuni hiyo haimruhusu mtoto kugeuzwa kabla ya miezi 15. Ana 8.

Jumatatu nikapiga simu yadi. "Madam, gari lina shida gani? Injini? Gia?" Siti kava. "Lakini hiyo ilikuwa zawadi." Nikasema basi nibadilishie na lile la viti 7, nitaongeza kidogo. "Lile lilienda Kisii wiki jana." Nikamtumia picha ya vyuma vikichungulia kwenye ngozi iliyokatwa. Tiki mbili za buluu. Leo ni Alhamisi.

Dukani ndiko nilikopandwa na wazimu hasa. Nilitaka kubadilisha kiti kimoja tu nipate chembamba, maana viko vyembamba vilivyoundwa ili vitatu vienee safu moja. Risiti, wakasema, imeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Sawa. Nikamwuliza meneja, basi hiki mlichoniuzia kina upana gani? Hajui. Nikasema tupime. Hana futi. Unauza kitu ambacho kazi yake yote ni kuingia ndani ya kitu kingine, na duka zima HALINA FUTI! Kuna futi ya shilingi hamsini pale nje kwa mama anayeuza uzi na vifungo!

Sitaki pole. Nataka mwenye vani kama hii, Noah, Voxy, Serena au Stepwgn ya viti 8, aliye na watoto watatu au wanne wa kufungwa, aniambie amewapangaje, na picha aweke. Nataka pia fundi wa siti kava, Ngara au popote, anayejua kuacha matundu kwenye vyuma au kuweka zipu, si wa kuniambia "tutaangalia". Na wewe unayeenda yadi wikendi hii, beba viti vyako vyote. Vifunge kimoja kimoja pale pale, jua likuwakie, muuzaji ahemee mbali. Halafu mtu mzima aingie safu ya tatu na atoke, kwa mlango. Akitokea buti, rudisha funguo.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Naona majibu, nitajibu kesho, mapacha wamegoma kulala. Jumamosi narudi yadi na viti vyote vinne. Mama mkwe amenipigia simu sasa hivi, mara ya kwanza tangu Molo. Anauliza tunaondoka saa ngapi, anataka kumwona kwa macho yake huyo aliyesema "hata sita".