Kuunganisha majengo manne ya shule: Cat6 ya nje au faiba?

mtandao_kagera

Wakuu, nahitaji ushauri kabla hatujanunua kitu. Ni shule ya sekondari ya bweni, nje kidogo ya Bukoba. Ruta na kabati la vifaa vimo jengo la utawala, na mtandao unatakiwa ufike majengo manne. Umbali nimeupima kwa kufuata njia ya mtaro: bwalo mita 60, maabara ya kompyuta mita 85, bweni mita 140, nyumba za walimu mita 230. Nyumba za walimu zina mita yake ya TANESCO, mengine yote yanakula umeme wa utawala. Kila jengo lina fimbo yake ya eathi.

Mkandarasi amependekeza Cat6 (kebo ya mtandao ya shaba) ya nje kwa bwalo na maabara kwa kuwa hazifiki mita 100. Kwa bweni anataka Cat6 yenye swichi ndogo katikati, ndani ya boksi juu ya nguzo. Nyumba za walimu ndizo anazipa faiba (kebo ya nyuzi za kioo zinazobeba mwanga), ya aina ya OM3. Je, mpangilio huu uko sawa? Na kama ni faiba kote, ninunue nini na kiasi gani?

mwanga1310

Mkuu, mpangilio huo umeangalia futikamba peke yake. Mita 100 ni kikomo cha data ndani ya shaba, hakihusiani kabisa na radi, na ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani.

Tatizo ni hizo fimbo za eathi. Radi ikipiga karibu na bwalo, eathi ya bwalo inapanda volti wakati ya utawala bado iko chini. Tofauti hiyo itatafuta njia ya kupita, na Cat6 ndiyo njia yenyewe. Piga hesabu: ampea 20,000 zikiingia ardhini kupitia fimbo yenye ukinzani wa omu 10, fimbo inapanda hadi volti 200,000. Vitransfoma vya ndani ya poti ya swichi vimetengenezwa kuhimili volti 1,500. Ikifika hata sehemu moja ya mia ya ile 200,000, poti imekufa, na mara nyingi inaondoka na swichi nzima.

Kwa hiyo weka faiba majengo yote manne, hata bwalo la mita 60. Kioo hakipitishi umeme, hadithi ya eathi inaishia hapo. Swichi ya juu ya nguzo ifute kabisa: inahitaji umeme, inapikwa na jua, na ikiharibika usiku wa mvua kuna mtu atapanda ngazi.

Chagua faiba ya singomodi (OS2, ya njia moja ya mwanga), achana na OM3. OM3 inabeba gigabiti 10 hadi mita 300, kwa hiyo mita 230 ingefanya kazi, lakini singomodi kwa moduli za kawaida inakwenda kilomita 10. Ndiyo faiba wanayotumia kampuni za intaneti, hivyo kebo, pachi (kebo fupi za kuunganishia vifaa) na mafundi wa kuchomelea nyuzi wanapatikana kirahisi kuliko wa OM3.

Kila jengo lipate kebo yake moja kwa moja kutoka utawala. Usipitishe ya bweni kupitia maabara, kwa sababu mwalimu akizima umeme wa maabara Ijumaa jioni, bweni linakaa bila mtandao hadi Jumatatu.

Vifaa vya kununua:

- Kebo ya singomodi ya nyuzi 4, isiyo na chuma chochote ndani, ganda jeusi la polithini. Nyuzi mbili za kazi, mbili akiba. Ongeza mita 20 kila njia kwa ajili ya kupanda ukutani na mizunguko ya akiba ncha zote mbili: 80 + 105 + 160 + 250 = mita 595. Roli moja la kilomita 1 linatosha, na kinachobaki usikigawe, ndicho kitakachotibu mkatiko siku ukitokea.
- Vipande vya mkia (faiba fupi zinazochomelewa kwenye ncha za kebo) vyenye konekta ya LC/UPC, 32 (nyuzi 4 x ncha 2 x njia 4). Chomelea nyuzi zote sasa, za akiba pia. Kumrudisha fundi na mashine yake kwa ajili ya uzi mmoja ni ghali.
- Mikono ya kinga ya maungio 40, maana kadhaa zitaharibika.
- Paneli moja ya faiba ya kabati utawala yenye nafasi 16 za LC, na boksi dogo la ukutani kwa kila jengo.
- Moduli za SFP (vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye swichi, vinavyogeuza umeme kuwa mwanga) za gigabiti 1, aina ya LX ya kilomita 10, 8. Nunua 10.
- Pachi za LC kwa LC za nyuzi mbili, singomodi (za njano), 8 na mbili za akiba.
- Swichi ya utawala yenye poti za SFP zisizopungua 4, na swichi yenye SFP kwa kila jengo.

nguzo_na_kebo

Nakubaliana naye kwa bweni na nyumba za walimu. Kwa bwalo nina maoni tofauti. Umeme ni ule ule, mita ni 60, na Cat6 ina kitu ambacho faiba haina: inabeba PoE, yaani umeme wa kifaa kupitia kebo ile ile ya data. Kama bwaloni kinakwenda kifaa kimoja tu cha WiFi, unaokoa swichi na UPS (betri ya akiba).

Masharti: kinga za radi ncha zote mbili, waya wa eathi wa kila kinga usizidi mita 1, na kebo iwe ya shaba tupu. Sokoni imejaa Cat6 ya aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza waya kwa kisu, ukiona weupe ndani irudishe dukani. Ukinzani wake ni mkubwa, PoE inapoteza volti njiani na kebo inapata joto, na ukiikunja mara mbili tatu kwenye konekta inakatika. Ganda pia lisiwe lile la kijivu la ndani, jua litalipasua.

mwanga1310

Hoja ya PoE ni ya kweli. Lakini umeme ule ule haimaanishi eathi ile ile: fimbo ya bwalo iko mita 60 kutoka ya utawala. Kinga inafanya kazi kwa kumwaga volti kwenye eathi ya jengo. Pale ambapo eathi yenyewe ndiyo imepanda, kinga inageuka mlango wa kuingizia volti kwenye kebo. Na asije mtu akamshauri aweke kebo yenye ngao ya foili iliyofungwa eathi pande zote mbili, hiyo ni kuziunganisha fimbo mbili kwa waya mwembamba.

Kinga mbili za maana na moduli mbili za SFP bei hazipishani sana. Kifaa cha WiFi cha bwaloni kipe swichi ndogo ya PoE yenye SFP.

mtandao_kagera

Nimeelewa, tunakwenda faiba kote. Nimebaki na matatu. Naweza kutumia konveta (vifaa vya kugeuza faiba kuwa kebo ya shaba) badala ya swichi zenye SFP? Ile kebo bapa ya kuingiza intaneti majumbani inafaa? Na kebo inaweza kuzikwa bila bomba?

fundi_mtaro

Nianze na mtaro. Usizike bila bomba. Kagera kuna fuko na mchwa, na kuna majembe. Weka bomba la plastiki la HDPE la milimita 32. Linabeba kebo nne za milimita 6 bila kubanana, mradi uzivute zote kwa pamoja. Ukivuta moja baadaye juu ya nyingine, kamba na kebo vinasuguana na ganda linachunika. Acha kamba ya kuvutia ndani hata baada ya kumaliza.

Kina sentimita 60, na panapopita gari la kuni au la maji sentimita 90. Tandika mchanga chini, bomba, mchanga tena, kisha mkanda wa tahadhari sentimita 30 juu ya bomba. Kama waya wa umeme unapita mtaro huo huo, uwe na bomba lake, umbali wa sentimita 30. Faiba haitaumia, bali atakayechimba baadaye ndiye wa kulindwa.

Kosa ninaloliona sana ni kona za bomba za maji za nyuzi 90. Kebo ya milimita 6 haitakiwi kupinda kwa nusu kipenyo chini ya sentimita 12 wakati wa kuvutwa, na kona hizo ni kali kuliko hapo. Pindisha HDPE yenyewe polepole, au jenga shimo la ukaguzi kwenye kila kona. Vuta kwa kufunga kamba kwenye nyuzi za njano za ndani, zile ngumu. Ukifunga kwenye ganda, ganda linavutika na kioo kinabaki nyuma. Mwisho ziba midomo ya bomba kwa povu, la sivyo sisimizi na maji vitafuata kebo hadi kwenye boksi.

Kebo bapa nyingi zina waya wa chuma wa kuning'inizia. Ukiingiza chuma hicho ndani ya jengo umerudi kwenye tatizo la Cat6. Tena nyingi zina uzi mmoja au miwili tu, hazina akiba. Kwa mradi huu iache.

mwanga1310

Konveta zinafanya kazi, ila angalia mbili. Nyingi za bei nafuu ni za megabiti 100, na maandishi ya boksi usiyaamini, soma ya kifaa. Halafu kila moja ina adapta yake ya umeme, na adapta ndizo zinazokufa. Ungekuwa na nane za kuzifikiria.

Moduli, usikubali kuuziwa za kilomita 80 eti zina nguvu. Kwa mita 60 zinapofua kipokezi cha upande wa pili. Na muulize muuzaji kama swichi inakubali moduli za chapa nyingine, zipo zinazokataa.

Kabla ya kumlipa fundi, pima kila uzi kwa kipima mwanga kwenye mawimbi ya nanomita 1310. Njia ya mita 230 inatakiwa ipoteze takribani 1.3 dB (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea): kebo 0.1, konekta mbili 0.5 kila moja, maungio mawili 0.1 kila moja. Ukisoma 3 dB au zaidi, safisha konekta kwanza kwa alkoholi na kitambaa kisichoacha nyuzi, pima tena. Isiposhuka, kuna ungio baya au kebo imebanwa ndani ya boksi. Moduli yenyewe ingeweza kuvumilia zaidi ya hapo, ila njia fupi kiasi hiki inayosoma 5 dB ina hitilafu ambayo itakua.

Taa ya poti isipowaka ingawa vipimo ni vizuri, geuza nyuzi mbili za pachi upande mmoja. Na asitokee mtu wa kuchungulia konekta kuona kama mwanga unatoka. Wa 1310 hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.