Mdogo wangu yuko Gredi ya 10, anataka uuguzi lakini hasomi Biolojia wala Kemia. Nianzie wapi?

DadaMkubwa_Pipeline

Habari za jioni, wadau. Naishi Pipeline, Embakasi, na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 15. Wazazi wako Mwingi, kwa hivyo huku Nairobi mimi ndiye mama, ndiye baba, na mkutano wa wazazi naenda mimi. Januari hii aliingia Gredi ya 10 katika shule ya kutwa hapa karibu. Ni wa lile kundi la kwanza la CBC, ule mtaala mpya, ambalo kila kitu lazima kijaribiwe juu yao. KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, hakufanya vibaya, akaingia mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na shule ikampa Fizikia, Kompyuta na Jiografia. Sikuona tatizo.

Juzi tukila nikamuuliza, ukimaliza 2028 utasomea nini? Uuguzi, akasema, tena bila kusita. Nikachukua simu nikaingia tovuti ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, kuangalia masharti. Kila nikigeuka ni Biolojia na Kemia. Yeye hana hata moja. Alipokuwa akijaza zile shule 12 za kuchagua Gredi ya 9 alifuata marafiki, na shule aliyopata haikuwa juu kwenye orodha yake.

Jirani zangu wananiambia nitulie, chuo kiko mbali. Mimi nahisi hakiko mbali. Nimfuatilie abadilishiwe masomo sasa, au nimwache? Na kando na masomo, mtu hupanga nini tena mapema? Mimi nilimaliza Kidato cha Nne nikaingia moja kwa moja kwenye duka la M-Pesa, hiyo njia ya chuo siijui. Kwenye ploti kuna akina mama wengine wawili wenye watoto wa Gredi ya 10, nao wanangoja niwaletee majibu.

Mwl_JogooRoad

Dada, mimi nafundisha shule ya upili na hao wa Gredi ya 10 ninao darasani. Nenda shuleni kesho, usingoje wiki ijayo. Mtoto anayehamia Kemia muhula wa pili atakuta wenzake wamevuka mada kadhaa na hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kumrudisha nyuma.

Usiingie na hasira. Mara nyingi mtoto anapewa masomo fulani kwa sababu maabara ni moja, walimu wa Biolojia ni wawili, na wanafunzi wamefurika. Uwezo wake haukupimwa hata kidogo. Mwombe mwalimu anayesimamia masomo akuambie kama kuna nafasi kwenye Biolojia na Kemia, na akihama ataacha yapi. Kumbuka kuongeza hakuwezekani. Kila mmoja ana Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na Huduma kwa Jamii, halafu matatu ya kuchagua. Akichukua Biolojia, kuna kitu kinatoka.

Sasa hao watoto wengine wa ploti. Wako mikondo gani? Nauliza kwa sababu kuna Hisabati mbili. Wa STEM wanafanya ile nzito, wanayoiita Core, na kwenye Sayansi ya Jamii au Sanaa na Michezo wanafanya nyepesi, Essential. Nina msichana darasani anayesema atakuwa mwanauchumi na yuko kwenye Hisabati nyepesi. Hakuna aliyemwambia kwamba uchumi chuoni ni hesabu tupu. Mtoto wa namna hiyo ningemkimbilia kabla ya mdogo wako.

Bonoko_Tao

Uuguzi poa sana. Amalize, apande ndege aende Uingereza, atume pauni, dada uache kuhesabu float. Lakini mnamsumbua kijana na mambo ya 2028 na mimi hata sijui Ijumaa nitakula nini.

SistaWaZamu

@Bonoko_Tao makubaliano ya wauguzi kati yetu na Uingereza yalitiwa saini 2021, na walioenda hawakupanda ndege kama watalii. Kwanza usajiliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, halafu mtihani wa Kiingereza, halafu usajili wa kule. Wengine wenye vyeti vyote bado wako nyumbani hapa Nairobi wanangoja kazi. Huyo kijana aambiwe hayo pia, asilishwe pauni peke yake.

Dada Mkubwa, nimekuwa wodini miaka mingi. Kabla hujapigania Kemia, muulize kwa nini uuguzi. Muulize kwa upole, maana vijana wa umri huo wakiona wanahojiwa hufunga mdomo. Kuna wanaotaka kwa sababu nyanya aliugua na muuguzi mmoja akawa mwema. Kuna wanaotaka kwa sababu ya sare. Na kuna wanaopenda hospitali tu, hawajui ndani ya hospitali kuna kazi ngapi: maabara, dawa, eksirei, rekodi, mashine, lishe. Kama shule ina kikundi cha Msalaba Mwekundu au St John, ajiunge ajifunze huduma ya kwanza. Damu humaliza mjadala haraka.

Kuhusu masharti, haya ya sasa ya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, yatakupa picha. Digrii inaanzia C+ na inataka Biolojia na Kemia. Diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inaanzia C. Biolojia haikwepeki popote. Kwa hivyo shule ikikupa somo moja tu la kubadilisha, chukua hilo.

MzaziWaBuru

Mimi ningemtoa kabisa hiyo shule. Tafuta ya bweni yenye mikondo yote mitatu na maabara za maana. Watoto wa kutwa Nairobi wanapoteza muda kwenye matatu na simu.

Mwl_JogooRoad

@MzaziWaBuru karo iliyoidhinishwa ya zile shule kubwa za bweni ni Sh53,554 kwa mwaka, bado godoro, sanduku, sare na nauli. Mtu wa duka la M-Pesa unamwambia azitoe wapi Machi? Na nafasi zenyewe ziko wapi? Kama ni kuhama, atafute shule nyingine ya kutwa Embakasi au Donholm yenye nafasi ya Biolojia. Lakini aongee na hii kwanza.

MzaziWaBuru

Sawa mwalimu, nimetoa maoni tu.

FundiWaVipimo

Nimesoma hapo kwa Sista aliposema mashine nikacheka peke yangu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Natengeneza mashine za hospitali: za kupumulia, za kupima presha, vitanda vya watoto njiti, hata viti vya meno. Nilisomea uhandisi wa vifaa vya tiba KMTC, na uti wa mgongo wa kozi ile ni Fizikia na Hisabati. Mdogo wako tayari ana Fizikia na Kompyuta! Akipata Biolojia juu yake, huyo ni mtu ninayemtafuta karakana kila mwaka na simpati.

Simwambii aache uuguzi. Nasema masomo aliyopewa si jela. KMTC pia kuna rekodi za afya na teknolojia ya habari, kompyuta anayoisoma ina mahali pake huko. Na vyuo anuwai msivipite kama daladala iliyojaa. Kabete National Polytechnic iko pale Waiyaki Way, Nairobi Technical iko Ngara, na nafasi za huko zinaombwa kupitia KUCCPS ileile mnayodhani ni ya vyuo vikuu pekee. Mzazi wangu alilia nilipokosa digrii. Siku hizi ndiye ananiomba nimwangalizie friji.

Bonoko_Tao

Daladala tena? Bro wewe ni wa Dar, sema ukweli 😂

FundiWaVipimo

Mke wangu ni wa Tanga. Imeniingia.

SaibaKayole

Naona mnazungumza masomo tu. Mimi naendesha saiba (duka la intaneti) Kayole, na kila mwaka matokeo yakitoka naona wazazi wanalia kwa sababu ya makaratasi, wala si alama. Dada, leo usiku toa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako, kiweke kando ya karatasi ya matokeo ya KJSEA, usome majina herufi kwa herufi. Cheti kinasema Muthui, shule iliandika Muthwii. Au cheti kina majina matatu, shule ina mawili, na moja ni la ubatizo ambalo hata halimo kwenye cheti. Leo ni kitu kidogo. Akifika 18 akaenda kuchukua kitambulisho, halafu akaomba mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, mfumo unaona watu wawili tofauti. Hapo ndipo unaanza kuzunguka kwa mawakili na viapo wakati wenzake wameripoti chuoni.

Kurekebisha jina shuleni sasa, kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa mwisho, ni rahisi zaidi kuliko baadaye. Kama hana cheti cha kuzaliwa kabisa (wako wengi, msicheke), kinaombwa kwa eCitizen. Mfungulie pia barua pepe yenye jina lake halisi. Nimechoka kufungua akaunti za "mtotompoa254" kwa maombi ya chuo. Na neno la siri aandike kwenye daftari linalokaa kwako, asiandike mkononi.

ComradeWaKahawa

Mimi niko Chuo Kikuu cha Kenyatta (KU), mwaka wa tatu. Kwa pesa, utaratibu ulioanza 2023 ni hivi: KUCCPS ikishakupa kozi, unaomba ufadhili, wanaangalia hali ya familia yenu, halafu karo inagawanywa. Sehemu ni ufadhili usiolipwa, sehemu mkopo wa HELB, sehemu ni ya nyumbani. Hiyo ya nyumbani ndiyo huwashtua watu, kwa sababu kila mtu alisikia "serikali inalipa". Wa vyuo anuwai pia wanaweza kuomba HELB. Wataulizwa habari za wazazi, kwa hivyo nakala za vitambulisho vya wazee wako Mwingi zitafute ukienda Pasaka. Nilisafiri usiku kucha kutafuta nakala moja.

Kinachouma kuliko karo ni chumba na chakula. Ukiweza kuweka hata Sh500 kwa mwezi mahali ambapo hauwezi kuzigusa, anza. Miaka mitatu si mingi. Na basari ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na ile ya kaunti muombe kuanzia sasa, hata kama shule ni ya kutwa, ujue ofisi ziko wapi na fomu hutoka lini.

Kitu kingine, mlete aone chuo. Likizo, nauli ya kuja Kahawa tu. Au mpeleke maonyesho ya kilimo ya ASK pale Jamhuri, vyuo huweka vibanda na unauliza bure. Mimi sikuwahi kuona ukumbi wa mihadhara mpaka siku niliporipoti na sanduku, nikadhani ni kanisa. Akikosa utulivu wa kusomea nyumbani, maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara zimekarabatiwa, na ni pazuri kuliko saiba (samahani mkubwa wa Kayole).

SaibaKayole

Sijakasirika. Kwangu wanakuja kucheza FIFA.

Nje_ya_Mipaka

Niko Minnesota. Kama kuna siku atafikiria vyuo vya Marekani, ajue huku wanaangalia alama za miaka yote minne ya sekondari, kuanzia Gredi ya 9. Tunza kila ripoti ya muhula yenye muhuri. Nilikuwa na zangu mbili tu, panya walikula zingine.

DadaMkubwa_Pipeline

Wadau, asanteni. Nimerudi na habari. Nilienda shuleni Alhamisi, nikaketi kwenye benchi mpaka saa tano. Mwalimu anayesimamia masomo alikuwa mtu mzuri, ila amechoka. Biolojia nafasi ipo, ataacha Jiografia. Kemia imejaa, wamemwandika kwenye orodha, mbele yake kuna mmoja. Kwa hivyo sasa ana Biolojia, Fizikia na Kompyuta. Daftari za Biolojia za tangu Januari ameazima kwa mwenzake, ananakili mpaka saa nne usiku na stima ni yangu.

Swali la Sista nilimuuliza tukiwa tunaosha vyombo. Akaniambia mama alipolazwa Mwingi, yeye alikuwa anaangalia ile mashine inayopiga kelele kando ya kitanda, akitaka kujua inahesabu nini. Nilimwonyesha ujumbe wa Fundi. Amesoma mara mbili, hajasema kitu, lakini uuguzi hajautaja tangu juzi. Sijui kama nifurahi.

Majina nimelinganisha. Cheti kina "Mwendwa", shule ina "Mwenda".

SaibaKayole

Nilijua! Rudi shuleni na cheti halisi pamoja na nakala, uombe warekebishe kwenye mfumo, na usiondoke bila kuona kwa macho yako kwamba wamebadilisha.

FundiWaVipimo

Mwambie likizo ya Aprili aje karakana siku moja. Nitaongea na msimamizi wangu kwanza, kisha nikuandikie kisiri. Aje na viatu vilivyofungwa.

Mwl_JogooRoad

Umefanya vyema. Kemia iulizie tena kabla shule hazijafungwa, maana kuna watoto watakaoikimbia wakishaona matokeo ya mtihani wa kwanza. Na wale watoto wa majirani?

DadaMkubwa_Pipeline

Mmoja ni wa Michezo, anacheza voliboli, mamake hana wasiwasi naye kabisa. Mwingine ni msichana wa Sayansi ya Jamii: Historia, Jiografia na Biashara. Mwalimu, anataka uchumi. Nimemuuliza anafanya Hisabati gani, akaniuliza kwani ziko ngapi.

Mwl_JogooRoad

Mwambie mamake awe shuleni Jumatatu asubuhi, aulize kama anaweza kuhamia Hisabati ya wenzake wa STEM huku akibaki na masomo yake. Aende naye huyo msichana, aongee mwenyewe.