Fundi AC wa chini ya mwembe hapa Mtwara: eti nikapimwe MASIKIO!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na chakula cha mchana kimenishinda. Wa Mtwara wote mnamjua. Jina sitaji na wala hakuna haja, ni yule wa chini ya mwembe, ovaroli ya bluu ambayo haijaonja sabuni tangu kabla bomba la gesi halijachimbwa. Kama una gari, na gari ina AC, na unaishi popote kati ya Shangani na Mikindani, hela yako imeshalala kwenye mfuko ule.

Gari yangu ni Raum. AC inapoza, hilo sikatai. Shida ni kelele. Ukiwasha injini tu, KRRRRRRR. Nikipita Rahaleo watu wanaanua nguo wakidhani wapulizia mikorosho wameingia mjini. Jirani yangu pale Chuno ameshaacha kuweka alamu, anaamka nikiwasha gari.

Safari iliyopita huyo bwana aliniambia ni gesi imepungua. Akajaza. Geji hana, alishika bomba kwa kiganja, akatikisa kichwa, "imeshiba hii mjomba". Kelele ikaongezeka. Leo nikarudi kistaarabu kabisa, nikamwamkia (mdogo kwangu yule, lakini nilimwamkia), nikamwambia fundi, bado inalia.

Boneti hakufungua. Narudia, BONETI HAKUFUNGUA. Kakaa kwenye ringi ya tairi anatafuna korosho. "Washa." Nikawasha. Krrrrr. Bodaboda kijiwe kizima wakageuka. Yeye akainamisha kichwa, akafumba macho, akatafuna, akameza. Halafu kwa sauti ya kusikika mpaka mnadani akasema: "Mjomba, gari nzima hii. Nenda Ligula wakakupime masikio." Ligula, hospitali!

MASIKIO!!

Bodaboda wamecheka mmoja akadondosha helmeti. Mama ntilie aliyekuwa anageuza samaki kacheka na mwiko mkononi. Mimi nimesimama pale mtu mzima, gari inanguruma, naambiwa nikapimwe masikio. Na hapo hajamaliza. Nataka kuondoka, ananyoosha mkono: "Elfu tano ya kusikiliza."

Ya KUSIKILIZA. Mtu ambaye hasikii!

Huyu mtu afungiwe. Sina hoja nyingine.

Kibuyu cha Uraka:
Siti ya mbele kabisa. Swali langu ni moja tu mleta uzi, hiyo elfu tano ulitoa au hukutoa?

Mchuuzi wa Pweza:
Hahahaha "imeshiba hii mjomba". Mimi aliniambia gari yangu ina mafua. Nikamuuliza dawa yake nini, akasema asali. Sijajua mpaka leo kama alikuwa anatania.

Mleta uzi:
@Kibuyu cha Uraka hilo halihusiani na mada.

Kibuyu cha Uraka:
Katoa huyu 😂😂😂

Spana 14:
Mkuu punguza povu kidogo tuongee gari. Mimi ni fundi, niko Masasi. Jibu swali hili tu: AC ukiizima, kelele inabaki au inaisha?

Mleta uzi:
Inabaki. Nimeandika ukiwasha injini TU. Hata nyie hamsomi, mnataka kunipeleka Ligula na nyie?

Spana 14:
Basi ulichonijibu ndicho alichotakiwa kukuuliza. Puli ya kompresa, ile pampu inayobana gesi ya AC, inazungushwa na mkanda muda wote injini ikiwaka, uwe umewasha AC au hujawasha. Ukibonyeza AC ndipo klachi inashika, ule mlio wa "tak" unaousikia, na kompresa yenyewe ndani inaanza kuzunguka. Kwa hiyo kelele ikiwepo hata AC ikiwa imezimwa, usianze kusingizia gesi. Anza na beringi ya puli. Au mwenzake kwenye mkanda huohuo, altaneta, pampu ya maji, hao nao wanalia hivyohivyo.

Zima gari, legeza mkanda uutoe, zungusha puli kwa mkono moja moja. Inayokwaruza, au inayocheza ukiitikisa, mchawi wako ndiye huyo. Hutaki kutoa mkanda? Chukua bisibisi ndefu, ncha igusishe kwenye chuma kisichozunguka cha kompresa, mpini weka sikioni. Kisha hamia altaneta. Penye beringi mbovu utasikia changarawe. Angalia tu shati na mikono visinaswe na mkanda, nimeona mtu kapoteza kidole kwa mchezo huo.

Na beringi inabadilishwa yenyewe. Atakayekwambia ununue kompresa nzima kabla hajazungusha puli, mkimbie.

Nahodha Mstaafu:
Mwagieni maji kwenye mkanda, kelele inaisha, msimsumbue mtu na bisibisi.

Spana 14:
@Nahodha Mstaafu maji matone machache ni ya kupima, mzee wangu, siyo ya kutibu. Ukidondosha mlio ukabadilika palepale, kosa liko kwenye mkanda, umelegea au umekuwa mgumu. Lakini mkanda hulia wiiiii. Huyu anasema krrrr.

Mleta uzi:
Asante @Spana 14, Mungu akuzidishie. Mmeona lakini? Mtu yuko Masasi, hajaiona gari, ameuliza swali moja. Yule ameisikia kwa masikio yake mawili akanipa rufaa ya hospitali. Mimi kinachoniuma siyo beringi, beringi ni chuma. Kinachoniuma ni kuambiwa maneno yale mbele ya mama mkwe.

Binti wa Mikindani:
Subiri. MAMA MKWE??

Mchuuzi wa Pweza:
Uzi umeanza upya jamani, rudini.

Mleta uzi:
Alikuwa siti ya nyuma. Nilikuwa natoka kumpokea, ametoka Newala. Nikasema nipitie kwa fundi dakika mbili. Angalau yule bwana angenidharau kwa lugha ya mafumbo, lakini katamka neno kwa neno: nenda, Ligula, wakakupime, masikio.

Binti wa Mikindani:
Alicheka?

Mleta uzi:
Nani.

Binti wa Mikindani:
Shemeji usijifanye. Mama.

Mleta uzi:
Alicheka mpaka kitenge kikamtoka begani. Tumefika nyumbani akamhadithia mke wangu kwa Kimakonde. Mimi Kimakonde sijui, lakini neno "Ligula" nimelisikia vizuri sana, mara nne.

Kibuyu cha Uraka:
Kumbe masikio mazima. Uzi ufungwe.

Jamvi la Lindi:
Mleta mada wewe bado una bahati. Huku kwetu Lindi kuna mmoja (wa Lindi mnamjua, sitaji) kanijazia AC gesi ya mtungi wa jikoni. Siku nne barafu tupu, nikawa namsifia. Ya tano ndani ya gari kunanuka kama nimepakia jiko. Nimemrudia ananiambia "si inapoza lakini?"

Spana 14:
@Jamvi la Lindi hiyo gari usiivutie sigara na usiendelee kuitumia hivyo. Gesi ya jikoni inapoza kweli, ndiyo maana wanadanganyika nayo, lakini inawaka. Ikivuja upande wa dashibodi umekaa nayo chumba kimoja na madirisha yamefungwa, cheche moja tu ya swichi. Gari nyingi hizi tulizonazo mfumo wake ni wa gesi ya R134a. Ile gesi ya zamani, R12, iliwekwa kwenye orodha ya kuondolewa na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu ya tabaka la ozoni, mtu asikuuzie hadithi kwamba anayo "orijino ya zamani". Ivutwe yote, itafutwe leki, ipigwe vakyumu kutoa hewa na unyevu, ijazwe gesi yake kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti. Kwa UZITO, siyo kwa kiganja.

Mwenye Aqua:
Sasa hapohapo naomba niingie na langu. Mimi nina Aqua, ile haibridi, fundi kashinda kutwa anatafuta mkanda wa kompresa. Kutwa! Jioni ananiambia "mkanda wameuiba bandarini".

Spana 14:
😂 Haina. Kompresa ya Aqua inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, mkanda hutauona mpaka kiama. Na usimruhusu aongeze mafuta ya kompresa ya kawaida, yale ya PAG. Ya kwako inatumia ND-11, kwa sababu mota ya umeme iko humohumo ndani na mafuta yasiyo yake yanaharibu kinga ya nyaya. Ukikosea hapo gari inaweza kukataa kuwaka kabisa, na nyaya zile za rangi ya chungwa asizishike mtu wa kubahatisha.

Mleta uzi:
Wakuu turudi kwenye mada. Elfu tano ya KUSIKILIZA.

Nahodha Mstaafu:
Daktari naye anakusikiliza unalipa. Hata mimi naona fundi kakosea kuweka bei ndogo.

Korosho Ghafi:
Niulize kitu cha kijinga. Alijaza gesi kwa kukisia, kelele ikaongezeka. Inawezekana ikawa ni ile gesi?

Spana 14:
Siyo kijinga. Gesi ikizidi, presha inapanda na kompresa inafanya kazi ngumu, na kimiminika kikiifikia inagonga go go go, kwa sababu imetengenezwa kubana gesi, haibani maji. Ikipungua nayo ni balaa, maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Inapovuja, mafuta nayo yanatoka, vyuma vinabaki vikavu vinasagana. Ikifikia hapo chenga zinasambaa mpaka kwenye kondensa, ile rejeta ya AC. Ukifunga kompresa nyingine bila kusafisha mfumo na kubadilisha draya, kichujio cha unyevu, na hiyo mpya utaizika.

Kwa hiyo mleta uzi anaweza kuwa na beringi mbovu NA gesi iliyozidi. Dawa ni geji, ya bluu upande wa presha ndogo, nyekundu upande wa presha kubwa. Injini imezimwa, gari imepoa kivulini, joto nyuzi 30 hivi, R134a inasoma kwenye psi 97 pande zote mbili. Hiyo nayo haikwambii imejaa, inakwambia tu gesi ipo. Ya kujaa unaijua kwa mzani.

Korosho Ghafi:
Shukrani. Nina kompresa ya Raum ya mtumba, imetoka Japani, nzima, haina hata mkwaruzo. Mleta uzi njoo chemba tuzungumze.

Kibuyu cha Uraka:
Swali la kijinga kumbe lilikuwa biashara 😂😂

Binti wa Mikindani:
Mkuu usinunue, utaambiwa ukapime na macho.

Mtoto wa Ufukoni:
Mimi AC ya gari sina, hata gari sina. Langu ni la gesti moja Lindi, chumba kimeandikwa "chenye AC", bei ya AC nimelipa. Rimoti hamna. Nimeshuka mapokezi, dada ananiambia rimoti ni ya chumba namba 6 na mgeni wa namba 6 amelala. Nikauliza yangu itawashwaje? "Kaka subiri aamke."

Jamvi la Lindi:
Gesti hiyo naijua. Feni yao ukiwasha inapuliza vumbi la msimu uliopita.

Mchuuzi wa Pweza:
Angalau gesti umelala ukanyoosha miguu. Juzi nimetoka Mtwara kwenda Dar na basi la "luksari". AC inapuliza vizuri tukiwa stendi abiria wakikata tiketi. Tumefika Mnazi Mmoja ya Lindi, kimya. Nikamwita konda, anasema fungua dirisha. Dirisha halifunguki, ni kioo kizima, la AC! Mpaka Somanga mzee wa siti ya mbele yangu alishavua shati, kabaki na singlendi anajipepea kwa kadi ya harusi.

Korosho Ghafi:
Hao wanazima wakianza kilima ili injini isichoke. Halafu tambarare wanasahau kuwasha.

Nahodha Mstaafu:
Wanasahau nini, wanabana mafuta hao. Zamani barabara mbovu kule Rufiji, kabla ya daraja la Mkapa, tunavuka kwa pantoni, hakuna AC wala luksari na hakuna aliyefungua uzi.

Mtoto wa Ufukoni:
Mzee zamani hizo hata uzi ulikuwa wa kushonea.

Mchuuzi wa Pweza:
Kilichoniudhi siyo joto. Nimemwambia konda AC haifanyi kazi, ananiangalia hivi, ananiambia "wewe unasikia joto kwa sababu umekula ugali."

Mleta uzi:
@Mchuuzi wa Pweza ngoja kwanza. Basi lenye mapazia mekundu? Konda anavaa kofia ya sufi kwenye jua hili?

Mchuuzi wa Pweza:
Huyohuyo!

Mleta uzi:
Ndugu yangu, yule konda ana deni langu la chenji tangu Nangurukuru. Elfu kumi nzima alinigeuzia pipi. Mtu mzima kupewa pipi za elfu kumi! Subirini hapohapo, nafungua uzi wake sasa hivi.