Nikibadilisha mteremko, mstari unahama nukta niliyotaka ibaki

fundi_grafu:
Wakuu, nina y = 2x + 3, unapita (2, 7). Nataka mteremko uwe 4 lakini uendelee kupita hapo hapo (2, 7). Nimezidisha upande wote wa kulia kwa 2, nikapata y = 4x + 6, umeenda mbali kabisa. Halafu 3x + 2y = 12, nikiongeza 6 kule kulia mstari unapanda 3 tu. Kwa nini?

mzee_wa_x:
Ulipozidisha vyote, uliongeza mteremko na pia ukapandisha pale unapokata mhimili wa y, kutoka 3 hadi 6. Nukta pekee iliyobaki ni (-1.5, 0), maana sifuri mara mbili ni sifuri ile ile.

Gusa namba ya x peke yake: y = 4x + 3. Sasa mstari umezunguka kwenye (0, 3). Weka x = 2, unapata 11, yaani umezidi 7 kwa 4. Basi punguza hiyo 4: y = 4x − 1. Kwa wanaopenda mkato, andika y = 7 + m(x − 2), m ikiwa mteremko. Weka m yoyote, hata hasi, (2, 7) haitikisiki, kwa sababu x ikiwa 2 mabano yote yanakuwa sifuri.

hesabu_tu:
La pili: ile 6 umeiongeza kwenye 2y, si kwenye y. Gawanya kwa 2 kwanza: y = −1.5x + 6. Ukiweka 18 badala ya 12 inakuwa y = −1.5x + 9. Ukitaka ipande 6 kweli, ongeza 12, iwe 3x + 2y = 24.

Na usichezee ile 2 ya y ukidhani unarekebisha mteremko tu. 3x + 4y = 12 ni y = −0.75x + 3: umelala zaidi na umeshuka, ukizungukia (4, 0). Mteremko peke yake badilisha kwa ile 3.

fundi_grafu:
Nimeelewa, asanteni. Ila y = 4x − 1 kwenye karatasi yangu unaonekana umelala kuliko ule wa kwanza!

mzee_wa_x:
Angalia skeli, mkuu. Ukichora sentimita 1 kwa vizio 4 kwenye mhimili wa y, na sentimita 1 kwa kizio 1 kwenye x, mteremko wa 4 unatoka nyuzi 45. Ule wa kwanza bila shaka uliuchora kwa skeli sawa pande zote mbili. Chora yote miwili kwenye mihimili ile ile.