Lebo ndogo, acheni kuharibu santuri za bendi za magitaa halafu deni mnaiachia bendi

Wadau, hili limezidi sasa. Bendi inarekodi nyimbo zake vizuri, magitaa yanasikika moja moja, waitikiaji wamepangika, halafu lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wao, inachukua masta (faili la mwisho lililokamilika) ileile ya mtandaoni na kuituma kiwandani ikachapwe santuri. Mzigo ukirudi unakwaruza kila penye herufi "s", tunaambiwa sindano ya msikilizaji ni mbovu. Uongo! Kosa limetoka kwenye lebo pamoja na faili.

Santuri ya inchi 12 inazunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mwendo wa sindano ndani ya mfereji haulingani. Ukingoni inapita kama sentimita 51 kwa sekunde. Wimbo wa mwisho, kule ndani, ni kama 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Za juu ndizo zinazoumia kwanza: "s" na "sh" za mwimbaji, matoazi, tambarini, gitaa la nyuzi 12. Yaani karibu kila kitu kinachofanya bendi hizi zipendwe. Na nyie wimbo wenye fujo kuliko zote mnauweka palepale mwisho wa upande A, kwa kuwa ndivyo ulivyopangwa mtandaoni. Pale unakaa wimbo wa taratibu.

Urefu nao. Dakika 18 hadi 20 kwa upande zinatosha. Ukilazimisha 26, fundi anayechonga mifereji kwenye bamba la kwanza hana namna, atashusha sauti na kupunguza besi ili mifereji isogeleane, na mchakacho wa plastiki ambao haushuki utasikika juu ya muziki. Kama nyimbo hazitoshi, punguza mbili au chapa santuri mbili.

Kinachotakiwa kutumwa wala si siri. Ni WAV za biti 24 ambazo hazijapitishwa kwenye limita (kifaa cha kubana vilele vya sauti) hadi zikakosa pumzi, kwa sababu kubana kule hakuongezi sauti kwenye santuri, kunaongeza mkwaruzo tu. Besi ya chini ya hezi 100 iwe katikati, isitawanyike kushoto na kulia, la sivyo sindano inaruka. "S" zitulizwe kwenye sauti ya mwimbaji wakati wa miksi. Ukisubiri hatua ya masta, nyimbo zikishachanganywa, unazima na matoazi.

Sasa sampuli za majaribio, zile nakala chache za kusikiliza kabla mzigo wote haujachapwa, hapa ndipo uzembe ulipo. Kiwanda kinaleta chache, lebo inapiga picha, inaposti, inasaini. Nani kasikiliza? Chukua tatu, uzipige zote pande zote mbili. "Tak" ikitokea sekunde ileile kwenye zote, bamba la kuchapia ndilo bovu, kataa. Ikitokea kwenye moja tu, ni vumbi au kasoro ya nakala ile. Ukisikia kama kitambaa kinachanika, mara nyingi spika moja tu, plastiki haikujaa kwenye mfereji. Kodi (chord) ya gitaa iliyoachwa ilie ikipanda na kushuka kila sekunde 1.8, huo ni mzunguko mmoja kamili: tundu halipo katikati. Saa mbili za kusikiliza zinawashinda? Mkishasaini, kiwanda hakina kosa, kimechapa mlichokikubali.

Na bili ya kuchapa upya inaingizwa kwenye gharama za kurudishwa, zile ambazo lebo inazikata kwanza kwenye mauzo, kwa hiyo bendi haioni mrabaha hadi uzembe wa lebo ulipwe kwanza. Huo ni wizi.

Bendi ambazo hamjasaini, dai mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba. Sampuli zisizopungua mbili zifike kwa bendi, na kibali kisitolewe bila sahihi ya bendi. Pili, kuchapa upya kwa kasoro iliyokuwemo kwenye sampuli ambayo lebo imeikubali peke yake kulipwe na lebo, kusikatwe kwenye mauzo. Lebo ikigoma kuandika la pili, msisaini.